Mbio za Mke wa Fundi Baridi

Siku mke wa Fundi Baridi alipotoa habari kwamba atakimbia mbio za milimani, mume wake alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya friji ya mtu. Friji yenyewe ilikuwa katikati ya sebule, imeegemezwa ukutani kama mgonjwa, na vyuma vyake vimetandazwa juu ya gazeti kuukuu. Fundi alisikia neno "mbio" tu, akadhani ni habari za mwizi wa mtaani.

"Kakamatwa?" aliuliza kutoka humo ndani.

"Nani?"

"Si umesema mbio?"

"Nimesema nitakimbia mimi. Jumapili ijayo, kule milimani. Zile mbio zinazotangazwa."

Fundi alitoa kichwa taratibu, bisibisi mkononi, akamtazama mkewe kama anavyoitazama mashine iliyotoa mlio asioujua. Alikuwa mwanamume mrefu, mabega yameinama kwa miaka mingi ya kuchungulia nyuma ya mafriji. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, na jina lilimkaa sawasawa, maana hata maneno yake yalitoka machache na hayakuwa na moto.

"Kwenye joto hili?"

"Kwenye joto hili."

"Na anayekukimbiza ni nani?" aliuliza mama yake Fundi kutoka kwenye kiti cha dirishani, ambako alikuwa akijipepea kwa kipande cha boksi. "Maana kwa umri wako, mwanangu, ama unafukuzwa ama kuna mtu unamfukuza."

Fundi alicheka. Mkewe naye alicheka kidogo kwa adabu, kisha akaenda jikoni akasimama mbele ya sinki bila kuosha kitu.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Na kama wangemuuliza, huenda angekosa jibu la kueleweka. Tangu binti yao wa pekee aende ng'ambo kufanya kazi ya kutunza wazee wa watu, nyumba ilikuwa imebaki na watu watatu na televisheni. Binti ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuwa akimwiga bibi yake anavyokohoa kabla ya kuomba kitu, akimwiga baba yake anavyozungumza na wateja kwenye simu, na watu wakacheka mpaka chakula kikapoa. Sasa chakula kiliisha kabla ya kupoa. Fundi alikula macho yake yakiwa kwenye simu, kwa sababu msimu wa joto ndio msimu wake wa mavuno, na kila saa kulikuwa na friji ya mtu iliyogoma. Bibi alikula, akashukuru, akaenda kulala.

Basi mke alianza kuamka alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, akatoka kutembea. Kutembea kukawa kutembea haraka, na baadaye akajikuta anakimbia mpaka kwenye tangi kubwa la maji juu ya mtaa, na kurudi. Mume wake alijua anatoka. Aliamini anafuata mkate, kwa kuwa kila aliporudi alikuwa na mkate.

Jioni ile ya friji, wakati wa kula, Fundi aliinua macho ghafla kutoka kwenye simu.

"Nitakupeleka," alisema. "Hiyo Jumapili. Nitakupeleka na nitakungoja mpaka umalize."

Mkewe alimtazama, tonge likiwa bado mkononi.

"Kweli?"

"Si nimesema."

Usiku huo mke hakupata usingizi mapema. Alilala chali akisikiliza feni, akijiona mjinga kwa furaha aliyokuwa nayo.

 

Kazi ya mke ilikuwa kupiga pasi kwa dobi mmoja aliyekuwa na duka kwenye barabara kuu. Mbele palikuwa na kaunta, kengele na feni ya wateja. Nyuma ya pazia palikuwa na mashine za kufulia, pasi za mvuke, na joto ambalo lilimfanya mtu atoke nje kwenye jua kali ili apate nafuu. Mwenzake wa kazi, mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa Sabuni, aliposikia habari za mbio aliweka pasi chini.

"Shoga, joto la humu halikutoshi?"

"Kule kuna upepo."

"Upepo wa wapi, mwezi huu? Upepo wenyewe umejilaza chini ya mti." Sabuni alimkagua toka juu mpaka chini. "Na unakwenda na nani?"

"Mume wangu ananipeleka."

"Fundi Baridi? Aache friji za watu?"

"Kasema mwenyewe."

Sabuni alitaka kusema neno jingine, lakini aliuona uso wa mwenzake, akalimeza.

Namba za kukimbilia zilikuwa zinatolewa katika ukumbi wa jengo moja la maofisi lenye viyoyozi na sakafu ya kuteleza. Alikwenda baada ya kazi, nywele zimelowa mvuke, mfuko wa plastiki mkononi. Walikuwa wamepanga foleni vijana wenye viatu vya rangi kali, wakizungumza habari za milima mingine waliyokwisha kuipanda. Alipofika mezani, msichana mwenye kompyuta alimtabasamia vizuri.

"Karibu mama. Umetumwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Sawa. Namaanisha, namba unamchukulia nani?"

"Najichukulia."

"Ooh," msichana alisema, na tabasamu likasita kidogo kabla ya kurudi. "Hongera, mama. Hongera sana." Alimpongeza kwa sauti kubwa, kama mtu anavyompongeza mtoto aliyefunga vifungo vyake mwenyewe, na watu wa nyuma kwenye foleni wakageuka kutazama. Wakatazama na viatu vyake.

Fulana zilizobaki zilikuwa kubwa tu. "Utaichomekea," msichana alimshauri. Aliichukua. Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliipiga pasi, akainyoosha hata mikono yake mifupi kwa uangalifu kama shati la bwana harusi. Sabuni alicheka mpaka akakaa chini. "Fulana ya kutokea jasho, unaipiga pasi!" Naye alicheka, lakini hakuacha.

 

Jumapili simu ya Fundi iliita kukiwa bado giza. Mkewe alikuwa amekwisha kuvaa, amekaa kwenye ukingo wa kiti cha sebuleni na viatu miguuni, kama abiria. Alisikia sauti ya mwenye bucha ikitoka kwenye simu, sauti ya mtu aliyechanganyikiwa. Chumba cha baridi kilikuwa kimezima tangu usiku. Ndani yake mlikuwa na nyama ya harusi ya watu.

Fundi alisikiliza, akajibu "ndiyo, ndiyo", akaja sebuleni akivaa ovaroli. Taa hakuiwasha.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Nyama itaoza, mama watoto. Nitawahi mwisho. Huko mwanzo watu wanasimama tu. Nitakukuta pale mnapomalizia."

"Haya," alisema mkewe.

Fundi alisubiri kidogo, labda kwa kutegemea atalaumiwa, kwani lawama angeweza kuijibu. Lakini hakuna kilichoongezwa kwenye ile "haya". Alichukua sanduku lake la vifaa akatoka, na gari lake bovu la kazi likakohoa mara mbili tatu mpaka likawaka.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa na kitambaa chepesi cheupe mkononi.

"Funga kichwa," alisema. "Ukianguka huko watasema umetoka kwenye nyumba isiyokuwa na mtu mzima."

Alimfunga mwenyewe, mikono yake mikavu ikigusa shingo ya mkwewe. Mke aliiacha simu juu ya kabati, maana hakuwa na mfuko wa kuiwekea, na hakuona angempigia nani. Alikwenda mpaka barabarani peke yake.

 

Mbio zilichelewa kuanza kwa sababu ya mgeni rasmi. Watu waliambiwa yuko njiani, kisha wakaambiwa yuko karibu, kisha spika ikapiga muziki kwa muda mrefu bila kuwaambia kitu. Jua lilichomoza, likapanda, likaanza kazi. Wakimbiaji waliokuwa wakirukaruka kupasha mwili moto wakaacha, wakajibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa choo. Kundi moja la marafiki lilimfuata mke wa Fundi.

"Mama, samahani, tupige picha."

Aliipokea simu, akawapiga. Wakaomba nyingine, wamekumbatiana, na nyingine wameruka juu. Walimshukuru sana, wakaichukua simu yao wakaenda.

Mgeni rasmi alipofika alihutubia kuhusu afya. Ndipo watu wakaachiliwa.

Mwanzoni ilikuwa rahisi. Njia ilipanda polepole katikati ya vichaka, vumbi likatimka, na yeye akakaa nyuma, kwa mwendo wake uleule wa tangi la maji. Vijana walioondoka kwa kasi alianza kuwakuta wamesimama, mikono magotini. Aliwapita akiwaambia "poleni", na mmoja akamjibu "asante, mama", na jambo hilo likampa nguvu kuliko alivyotarajia. Alijiona akimsimulia mumewe. Nilimpita mmoja mwenye miwani. Nilimpita mwingine amekaa kwenye jiwe. Alikuwa akipanga maneno, akiyafupisha, ili yaishe kabla simu haijaita.

Baada ya bonde la kijito kilichokauka, miti iliisha. Kilichobaki ni mawe meusi na njia nyembamba iliyopinda ubavuni mwa kilima. Joto halikutoka juu tu. Lilitoka chini pia, kwenye mawe, likapanda kwenye miguu ya kaptura, na hewa yenyewe ikawa nzito kama ile inayotoka unapofunua kifuniko cha mashine ya pasi. Alifika kituo cha pili cha maji akakuta meza, madumu matupu, na vikombe vya karatasi vimetapakaa. Msichana mmoja alikuwa amekaa chini ya meza, humo kwenye kivuli.

"Yamekwisha, mama. Nisamehe. Wamekwenda kuleta."

"Wamekwenda lini?"

Msichana alitikisa kichwa. Alikuwa karibu kulia. "Walikunywa wa mbele wakajimwagia na kichwani."

Akaendelea. Mbele yake hapakuwa na mtu, na alipogeuka hapakuwa na mtu. Mate yalikuwa yamekauka, ulimi umekuwa kama kipande cha kitambaa. Alitembea, akakimbia kidogo, akatembea. Kwa muda hakusikia kitu isipokuwa viatu vyake, na ikamjia kwamba hakuna binadamu hata mmoja duniani ambaye kwa wakati ule alijua yeye yuko wapi. Wazo hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba lilikuwa wazo la kawaida, alilokuwa nalo hata jikoni kwake.

Akaanza kuzungumza na binti yake, kwa sauti. Alimweleza habari za fulana, za picha za kuruka. Alimwambia, "Bibi yako kanifunga kitambaa." Sauti yake ilitoka nene na ngeni, akanyamaza.

Alipofika kwenye kona ya juu aliona chini, mbali, uwanja wenye mahema meupe na lile lango la mpira lililojazwa upepo, jekundu. Watu walikuwa vidoti. Alisimama akavitazama vile vidoti, kimoja kimoja.

Hapo ndipo mwanamume mwenye kizibao cha kung'aa alipomfikia kutoka nyuma. Alikuwa msimamizi wa njia, anayetembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu.

"Mama, pole. Muda umekwisha."

"Nimebakiza mteremko tu."

"Ni mteremko mrefu, na una mawe. Daktari kaamuru njia ifungwe, watu wanaanguka."

"Mimi sijaanguka."

"Naona, mama. Lakini nikikuacha ukaanguka, nitasema nini?"

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Msimamizi alifungua pini moja moja kwenye kifua cha ile fulana, polepole, akitazama pembeni kwa heshima, akaikunja namba akaiweka mfukoni mwake. Alikuwa na upole mwingi. Angekuwa mkali, ingemuuma kidogo tu.

 

Pikapu ilikuwa inangoja kwenye njia ya magari, upande wa pili wa kilima. Nyuma walikuwemo wengine kama yeye, kimya, hawatazamani. Binti mmoja alikuwa amelazwa, nesi amemwinamia, anamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani, anamwambia asilale. Mke wa Fundi alipewa maji ya uvuguvugu kwenye chupa, akanywa yote, akajisikia aibu kwa sauti ya koo lake.

Kwenye njia panda ya barabara kuu dereva alisimama. Barabara ya kwenda uwanjani ilikuwa imefungana kwa magari ya wanaoondoka.

"Wanaokwenda mjini washukie hapa," alisema. "Kule mwisho hakuna kitu tena, wanafungasha."

Alisita na mguu mmoja chini. Angeweza kubaki kwenye gari mpaka uwanjani. Lakini kwenye bucha kulikuwa na nyama ya harusi, na alimjua mume wake. Alifikiri jinsi atakavyosimama kwenye uwanja ule wakati watu wanakunja mahema, akitafuta mtu ambaye hayupo. Akashuka.

 

Fundi Baridi alikuwepo. Alikuwa amefika muda mrefu, kabla wa kwanza hawajaanza kumiminika, ovaroli lake likinuka damu ya bucha, na boksi la barafu lenye chupa za maji chini ya kwapa. Alisimama kwenye kamba pamoja na watu wenye kamera na watoto mabegani. Kila aliyepita lango alimpigia makofi, kwanza kwa kujilazimisha, kisha kwa moyo, akimtazama kila mmoja usoni. Mwenye bucha alimpigia simu, hakupokea.

Wakimbiaji wakapungua, wakaja mmojammoja, kisha wakakoma. Watu wakatawanyika. Lango jekundu likatolewa upepo, likalala chini taratibu kama mnyama. Fundi alimfuata kijana mwenye spika.

"Mke wangu hajafika."

"Namba yake ngapi, mzee?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga.

"Amevaaje?"

"Fulana… kama hizi zenu."

"Mzee wangu, wote wamevaa kama hizi zetu. Kaptura rangi gani? Kofia anayo?"

Hakujua. Alikumbuka mtu amekaa gizani kwenye ukingo wa kiti. Kijana alimtazama, si kwa dharau, bali kwa namna ya kumwonea huruma, akasema waliobaki huko juu wataletwa na gari, au watakuwa bado njiani. Fundi akapiga simu ya mkewe. Iliita sana, ikapokelewa.

"Hii simu iko juu ya kabati," ilisema sauti ya mama yake. "Imenishtua. Mwenyewe hayupo."

"Hajarudi?"

"Angerudi si ungemsikia yeye?"

Fundi alikata. Alitazama kilima, na njia iliyopanda kutoka uwanjani, nyeupe kwa jua. Akabadilisha boksi kwapa, akaanza kupanda.

 

Mke alipofika nyumbani alikuta mama mkwe amesimama nje langoni, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Umemwacha wapi?"

"Nani, mama?"

"Mume wako. Kapiga simu zamani, yuko huko kwenye mbio zenu, anauliza kama umerudi. Sasa nampigia mimi, nabonyeza lile jina lake, mwanamke ananiambia hapatikani."

Mke alikimbilia simu. Hapatikani. Alijaribu tena. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, anaongea haraka, sauti imepanda kama ya msichana. "Yule hata ngazi hapandi siku hizi, anahema. Na presha yake. Nilijua tu. Nilikaa hapa nikajua."

"Kaa chini, mama. Namfuata."

"Miguu yenyewe unayo?"

Hakuwa nayo. Mapaja yalikuwa yamekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Alikunywa maji, akachukua chupa nyingine na simu, akamsimamisha mwenye pikipiki barabarani.

Uwanjani alibaki mlinzi peke yake, anaokota chupa.

"Mzee wa ovaroli?" alisema. "Alipanda huko na boksi. Nikamwambia, mzee, jua. Akaniambia yeye kazi yake ni baridi." Mlinzi alicheka, kisha akaona uso wa mwanamke akaacha. "Sijamwona kushuka."

Alimwomba atafute gari, nesi, mtu yeyote. Mlinzi akatoa simu yake. Mwanamke hakungoja. Alianza kupanda ule mteremko aliokatazwa kuushuka, juu ya nyayo za watu waliomaliza. Hakuna aliyemtazama. Alikimbia palipowezekana, palipomshinda akashika mawe kwa mikono, na mawe yakamchoma viganja. Aliita "Baba watoto", akasimama kusikiliza, akapanda tena, akaita.

Alimkuta chini ya mwamba uliotokeza kidogo, mahali penye kivuli cha kufunika mtu nusu. Alikuwa amekaa, mgongo umeegemea jiwe, miguu mirefu juani. Uso ulikuwa mwekundu na mkavu. Ametapika pembeni. Boksi lilikuwa ubavuni mwake, limefunikwa vizuri.

"Umefika," alisema, na maneno yakatoka yamelegea, kama ya mlevi. "Nilisema utafika."

Mkewe aliinama. Alimvuta kwapani akamkunja miguu mpaka mwili wote ukaingia kivulini, akamfungua ovaroli mpaka kiunoni, akafungua boksi. Barafu ilikuwa imeyeyuka, lakini chupa zilikuwa baridi bado. Moja tupu. Nyingine zote hazijafunguliwa. Alifungua kitambaa cha kichwani, akakilowesha, akamwekea shingoni, akammwagia maji kwapani na kifuani kama alivyomwona nesi akifanya. Fundi alishtuka, akavuta pumzi.

"Mbona hukunywa?"

"Nilikunywa moja."

"Na hizi?"

Alizitazama zile chupa. "Nilijua utakuja na kiu."

Mkewe alifungua chupa nyingine. Alimnywesha kidogo kidogo, akamkataza kulala, akamuuliza maswali ya kijinga ili amsikie akijibu: bucha ilikuwaje, chumba kilikuwa na ugonjwa gani. Alijibu vibaya, kisha nafuu, kisha vizuri. Kompresa. Waya uliungua. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso, na mkewe akaligusa kwa kidole kuhakikisha ni jasho. Jua likazunguka, kivuli kikawafunika wote wawili.

"Ulimaliza wa ngapi?" Fundi aliuliza.

"Sikumaliza. Walinivua namba."

"Ah." Alitazama miguu yake. "Na mimi nimepiga makofi mpaka viganja vikauma."

Chini kabisa gari lilikuwa linajaribu kuingia uwanjani, dogo kama mdudu.

"Yule kijana aliniuliza umevaaje," alisema Fundi. "Sikujua."

Mkewe hakumsaidia.

"Nilisimama pale kama mtu aliyepotelewa na mzigo, halafu anaulizwa rangi yake."

"Ni kaptura nyeusi," alisema mkewe.

"Naiona sasa."

"Kwa nini unachukua kazi mpaka Jumapili? Usiniambie habari za nyama."

Fundi alizungusha kifuniko cha chupa kwenye vidole. Alipoanza kusema alisema chini chini, akitazama kifuniko.

"Pale nyumbani nasikia friji tu. Tangu mtoto aondoke. Nikikaa nasikia inawaka, inazima, inawaka. Nikienda kwa watu, angalau nasikia friji za watu."

"Na mimi nimo humo humo."

"Wewe unakuwa jikoni."

"Nakuwa jikoni kwa sababu wewe uko sebuleni na simu."

Hakuna kati yao aliyeinua sauti. Hapakuwa na ugomvi ndani ya maneno hayo, na labda ingekuwa afadhali uwepo, maana ugomvi watu huumaliza. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, ngozi zao zinagusana kwa jasho, na kila mmoja alikuwa anatazama mbele. Mke alifikiri kwamba hata sasa hajui aanzie wapi kumsimulia habari za yule mwenye miwani. Zilikuwa zimekwisha utamu.

Sauti ya mlinzi ilisikika mbali chini, inaita. Mke akaitikia. Akasimama, akamvuta mumewe kwa mikono yote miwili, wakayumba, wakasimama sawa.

"Unaweza?"

"Taratibu."

Alibeba boksi yeye, akatangulia kuonyesha pa kukanyaga. Njia ilikuwa nyembamba, haikutosha watu wawili. Miguu yake, ambayo siku nzima ilikuwa imejifunza mwendo wa peke yake, ikashika mwendo huo tena, ikamtoa mbele, mpaka aliposikia mawe yakiporomoka nyuma na sauti inahema.

"Mama watoto. Punguza."

Alisimama. Hakugeuka. Alimsikiliza akishuka, buti moja, kisha jingine, kisha kimya cha kupumzika, kisha buti tena, mpaka pumzi yake ikafika karibu kabisa na sikio lake, ndipo akainua mguu akaendelea kushuka.